Kasereka Yupi? Juu ya Wasifu wa Wazee Wetu

Kila asubuhi, kabla jua halijauyeyusha ukungu unaolala juu ya mikalitusi ya vilima vya Butembo, redio zetu husoma matangazo ya vifo, na msikilizaji aliyeyazoea huweza kuyakariri kabla msomaji hajafika nusu: jamaa ya fulani, kwa majonzi makubwa, inawaarifu ndugu na marafiki walioko Beni, Lubero, Oicha, Kasindi, Goma na Kampala kwamba baba yao amefariki, matanga yako mtaa fulani, maziko ni saa fulani. Siku ya maziko mmoja wa watoto, aghalabu yule aliyesoma kuliko wenziwe, husimama kando ya jeneza na karatasi iliyopigwa chapa akasoma wasifu: marehemu alizaliwa mahali fulani, alisoma kwa mapadri, alifanya kazi fulani kwa miaka kadha, alimwoa mama fulani, akajaliwa watoto kadha, ameacha wajukuu kadha na vitukuu kadha. Kisha karatasi hukunjwa, na halaiki iliyohudhuria, ambayo nusu yake ilimjua marehemu kwa mambo mengine kabisa, hubaki ikitazamana. Nina lawama juu ya karatasi hiyo. Haisemi uongo, wala haikosi taadhima. Kosa lake ni kwamba yaweza kusomewa mtu yeyote.

Nasi Wanande tuna sababu ya pekee ya kuuchukia upungufu huo, kwa kuwa majina yetu yenyewe ni hesabu. Mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, na binti wa kwanza ni Masika. Na yeyote atakayesimama katikati ya soko akaita Kasereka kwa sauti atageukiwa na watu wengi kiasi cha kujuta. Ndiyo maana mtu wa mji huu akimtafuta mwenziwe haridhiki na jina. Huuliza Kasereka yupi, na jibu halitoki katika cheti cha ubatizo wala katika kadi ya mchaguzi, bali hutoka katika jambo ambalo mtu yule hulipenda na kulifanya pasipo kushurutishwa: Kasereka wa nyuki, Kambale wa gitaa, Kakule wa dama. Basi ni ajabu kwamba siku ile tunapomuaga kwa mara ya mwisho, twaliacha lile lililomtenga na wenziwe, tukamrudisha katika hesabu alikotoka.

Si zamani alifariki hapa Butembo mzee mmoja ambaye umri wake ulikuwa umeipita miaka tisini, na wanawe, kwa kuwa nilikuwa jirani na kwa kuwa wanajua kwamba napenda kushika kalamu, waliniomba niitazame karatasi yao kabla haijapigwa chapa. Jina lake nalificha, maana alikuwa mtu wa haya. Karatasi ilikuwa safi. Ilieleza kwamba alizaliwa katika vilima vya Lubero miaka michache baada ya mapadri Waasumpsio kufika katika nchi hii mwaka 1929. Kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu zama za Wabelgiji hadi alipostaafu. Kwamba alimwoa mke mmoja na kukaa naye maisha yake yote. Na kwamba hakuna mtoto wake hata mmoja aliyekosa shule, hata katika ile miaka ya tisini ambapo serikali ilikuwa imeacha kuwalipa walimu, na wazazi wakawa ndio wanaochanga mishahara yao. Yote hayo ni kweli, na ni sifa kubwa. Lakini nilipowauliza watoto, waliokuwa wamekaa barazani na vikombe vya chai, wanieleze baba yao alikuwa akifanya nini jioni, karatasi ile ilisahauliwa papo hapo, wakaanza kusema wote kwa pamoja, wakakatizana, wakabishana, na hatimaye wakacheka kama watu wasiofiwa.

Alifuga nyuki. Mizinga yake ilikuwa magogo yaliyochongwa ndani na kuzibwa kwa ubao, akaitundika katika miti iliyokuwa mpakani mwa shamba la mkwewe, na kila msimu wa kurina alimchukua mtoto mmoja, mmoja tu, akaenda naye wakati wa magharibi na kifurushi cha majani ya kufukizia moshi. Mtoto aliyechaguliwa hakulala usiku wa kuamkia siku ile. Huko mtini, gizani, ilhali nyuki wananguruma, mzee ambaye nyumbani alikuwa mkali na mchache wa maneno alizungumza na mwanawe kwa sauti ya chini juu ya mambo yote, masomo, woga, Mungu, hata uchumba, na mtoto aliporejea amevimba jicho alikuwa amepata baba mwingine. Asali yenyewe hakuiuza. Aliigawa kwa wagonjwa wa kifua na kwa wanawake waliojifungua. Na kwa kuwa timu kubwa ya mpira ya mji huu nayo huitwa Nyuki, hakukosa kuwakumbusha mashabiki, kila ilipofungwa, kwamba nyuki wa kweli hawamlaumu mwamuzi.

Alitengeneza saa, na zana zake zilikaa katika kopo la sardini. Ufundi huo alimrithisha binti yake wa kwanza, jambo lililowashangaza watu wa mtaa katika zama zile, maana hawakuwahi kumwona msichana ameweka kioo jichoni na kuchokoa matumbo ya saa ya padri. Alisikiliza redio za mbali kwa mawimbi mafupi, idhaa ya Kiswahili ya London tangu ilipoanza mwaka 1957, na ile ya Ujerumani iliyofuata mwaka 1963, akaandika katika daftari habari alizozisikia, ili zikisemwa kinyume chake huko Kinshasa awe na ushahidi wa kujiridhisha nafsi yake, kwa kuwa kumwonyesha mtu mwingine daftari hilo katika siku za Mobutu kungekuwa ni wazimu. Alipandikiza miparachichi. Haya nayapita upesi, kwa kuwa kuna sanduku la bati ambalo linastahili nafasi zaidi.

Katika sanduku hilo, lililokuwa hapo awali la biskuti, mzee aliweka noti moja ya kila fedha iliyowahi kupita mikononi mwake. Zilikuwamo faranga za Kongo ya Wabelgiji, zilizochakaa hata zikawa laini mithili ya kitambaa. Zilikuwamo zaire za mwaka 1967, ambazo moja ilibadilishwa kwa faranga elfu. Zilikuwamo zile noti za zaire tano na zaire kumi ambazo serikali ilizifuta ghafula mwishoni mwa Desemba 1979, ikawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha, hata wafanyabiashara wa kahawa waliokuwa wameficha akiba zao nyumbani, kwa kutoiamini benki au kwa kuwa benki ilikuwa mbali, waliamka siku moja wakiwa na magunia ya karatasi. Ilikuwamo noti ya zaire milioni tano ya mwaka 1992, ile ambayo wanajeshi wa Kinshasa walilipwa Januari 1993, wafanyabiashara wakaikataa, na mji ukaporwa na kumwagwa damu. Ilikuwamo zaire mpya ya Oktoba 1993, iliyochukua mahali pa zaire milioni tatu za zamani, na faranga ya mwaka 1998, iliyochukua mahali pa zaire mpya laki moja. Kila mjukuu alipofika darasa la tano aliitwa, akapewa kipande cha chaki na ubao wa zamani, akaambiwa akokotoe: faranga moja ya 1998 ni sawa na zaire ngapi za 1967? Jibu ni bilioni mia tatu. Mtoto alipokuwa anahesabu sufuri kumi na moja, akizipoteza na kuanza upya, babu alikuwa akimsimulia kila noti ilimkuta wapi, mshahara wake ulinunua nini mwezi ule, na ni nani aliyemkopesha chumvi noti ilipokufa. Sijui kitabu cha historia ya nchi hii kinachofundisha vizuri zaidi ya sanduku lile, na mjukuu mmoja ambaye leo ni mhasibu huko Beni aliniambia wazi kwamba kazi yake ilianzia hapo.

Naam, hayo yote hayakuwamo katika wasifu. Nilipouliza sababu, mwana mkubwa alijibu, kwa adabu lakini kwa mkazo, kwamba hayo ni mambo ya kupoteza wakati, na mbele ya watu wazima hayana uzito.

Naielewa hoja yake, kwa kuwa ni hoja ya mji mzima. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na hauna budi kujivunia hivyo. Malori yake hutoka Mombasa, yakaikata Uganda nzima na kuvuka mpaka pale Kasindi. Wenyeji wake huenda Dubai na Guangzhou kana kwamba wanakwenda Musienene. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichofunguliwa mwaka 1989 hakikungoja ukarimu wa serikali, na mara nyingi barabara zilizoharibika zilitengenezwa kwa majembe ya watu wenyewe. Mji uliojijenga namna hiyo huipima saa kwa faida, na humtazama kwa jicho la shaka mtu mzima anayekaa saa nzima kutazama nyuki wakiingia na kutoka mzingani. Mwenzangu mmoja, mwenye duka la vipuri, alimwuliza mzee huyo mara nyingi kwa nini haiuzi asali, akatikisa kichwa kila alipojibiwa. Lakini tuwe wakweli: miongoni mwa watoto wa mji huu ambao baba zao walikuwa safarini miaka yote, wakiwatafutia ada, nguo na mabati, wako wengi wanaomjua baba kwa mizigo iliyoletwa kuliko kwa sauti yake. Siwalaumu baba hao. Nasema tu kwamba uraibu wa mzee yule haukuiibia aila yake kitu, kwa sababu hakuufanya peke yake. Kila alichokipenda alikifanya na mtoto ubavuni. Mtu anayekwenda kunywa kasikisi, ile pombe ya ndizi, tangu adhuhuri hadi usiku na kuita jambo hilo starehe yake, huyo simtetei.

Lipo hata hivyo jambo ambalo wanaume tunaoandika sifa za wanaume wenzetu hulikwepa. Jioni za mzee zilikuwa jioni kwa sababu kulikuwa na mtu aliyezilipia. Mkewe alirudi kutoka shambani magharibi, kamba ya mzigo ikiwa imemkaza paji la uso kama inavyowakaza mama zetu wote, akapika, akaosha watoto, akapepeta maharagwe kwa mwanga wa koroboi, na wakati huo mzee alikuwa anasikiliza London. Niliwauliza watoto mama yao alipenda nini, mbali na kazi. Wakanyamaza kitambo kirefu. Binti wa saa ndiye aliyesema mwishowe kwamba mama alisuka vikapu vya mapambo yasiyo na haja, vya rangi tatu ilhali kikapu cha rangi moja hubeba viazi vilevile, na kwamba hakuna aliyewahi kuvihesabu kuwa ni starehe, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa ni kazi. Mama bado yu hai. Nimewasihi waandike jambo hilo sasa, wala wasingoje jeneza.

Na hapa sharti nizungumze juu ya Beni, maana kuandika juu ya kifo cha mzee wa miaka tisini kitandani mwake, katika nchi hii, bila kuitaja Beni, kungekuwa ni kujifanya kipofu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, na wa Oicha, na wa vijiji vya pembeni, wameuawa kwa mapanga na kwa risasi usiku baada ya usiku, na habari zao zimetufikia kwa idadi: kumi na watano, ishirini na wawili, thelathini. Kisha ukaja ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuzuka huko Mangina, na haukutangazwa kwisha ila tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Katika miezi hiyo wafu wetu walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kuwafunika mwili mzima, jamaa wakisimama mbali, pasipo kuosha, pasipo kugusa, na mara nyingi pasipo neno lolote la wasifu. Najua hadhari ile ilikuwa ya lazima, na aliyeipinga alihatarisha wengine. Lakini najua pia kwamba hasira iliyowatupia mawe wazikaji hao haikuwa ya ujinga mtupu, ilikuwa pia ya watu walionyang'anywa haki ya kusema marehemu wao alikuwa nani. Miaka kumi na zaidi sasa sehemu hii ya nchi imezoezwa kuwasikia watu wake wakitajwa kwa tarakimu, na mazoea ni kitu kibaya, kwani yameingia hata katika maziko ya wale waliojaliwa kufa kwa amani: nasi wenyewe, tukiwa na wakati, tukiwa na jeneza, tukiwa na watoto wote wamekusanyika, twamuaga mzee wetu kwa kutaja idadi.

Wakubwa hawana shida hiyo. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo letu tangu mwaka 1966 hadi 1997 na kufariki Roma Oktoba 2000 akiwa askofu mkuu wa Bukavu, hatasahauliwa hapa. Wako wa kumwandika. Nawasemea wale wasio na mwandishi. Na iwapo yuko anayedhani kwamba shughuli za jioni ni jambo dogo lisilofaa kuingia katika maisha ya mtu, namkumbusha habari za Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962: mchana alikuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, karani wa forodha kwa miaka mingi, kisha wa ofisi nyingine, na lau wasifu wake ungeandikwa kwa desturi yetu ya Butembo, ungesema alizaliwa, alisoma, alikuwa karani, alioa, alizaa, alifariki. Kila alichotuachia alikiandika nje ya saa za ofisi. Na yeye mwenyewe, alipotaka kuandika maisha ya mtu mwingine, alimchagua mwimbaji, Siti binti Saad. Mzee wetu wa Butembo hakuwa Shaaban Robert, na sidai hivyo. Nadai kwamba kanuni ni moja.

Ninachokitaka ni kidogo na hakina gharama. Mzee akiwa bado anaweza kusema, watoto wamkalishe, wamwulize juu ya vitu anavyovipenda, nani alimfundisha, lini alianza, nini kilimshinda. Waandike, na kama wana simu za kunasa sauti, wainase sauti yake. Akifariki, wasiharakishe kugawana zana kana kwamba ni sufuria, kwa maana kopo la sardini lenye bisibisi ndogo halina thamani sokoni ila lina thamani kwa yule mmoja ajuaye kulitumia, na apewe huyo hata kama ni kitinda mimba, hata kama ni binti. Sanduku la noti lile lilikaribia kuuzwa kwa mtu aliyetoka Goma aliyesikia habari zake, na ugomvi juu yake haujesha hadi leo ninapoandika. Na siku ya maziko, aya moja ya masomo na kazi yatosha. Nafasi iliyobaki wapewe nyuki, saa na redio.

Tuliandika upya wasifu ule usiku kucha, na karibu kila jambo tulikubaliana, isipokuwa moja. Mzee aliimba katika kwaya ya parokia kwa zaidi ya miaka arobaini, naye aliimba vibaya. Hakuwa na sikio. Viongozi wa kwaya, mmoja baada ya mwingine, walimweka safu ya nyuma, wakamwomba kwa upole aimbe polepole, naye aliitikia kwa unyenyekevu, na Jumapili iliyofuata akaimba kwa sauti ileile. Hakukosa zoezi hata mvua inyeshe, kwa kuwa alipenda kuimba, na hakuna siku aliyojidanganya kwamba ana kipaji. Mwana mkubwa alitaka tuandike kwamba alikuwa mwanakwaya hodari. Binti alisema ikiandikwa hivyo watu wote kanisani watajua tunamsema mtu mwingine. Nilimwunga mkono binti. Mwishowe ilisomwa kama ilivyokuwa, na kiongozi wa kwaya wa sasa, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa, ndiye aliyecheka wa kwanza.